Kilio cha Kitanda Namba Saba

Kila siku saa moja na nusu asubuhi Mama Shuka alipanda ngazi za nyuma za wodi ya wazazi, shuka ishirini na nne begani, kumi na mbili kubwa za akina mama na kumi na mbili ndogo za vitanda vya kioo, na kabla hajaufikia mlango alikuwa ameshajua nani anataka nini. "Namba tatu ana njaa," alimwambia sista wa zamu bila kutua mzigo. "Namba tano kalowa. Huyo wa dirishani mwacheni alale, mnamchosha kwa kumbebabeba." Sista alikwenda namba tatu, kisha namba tano, na yule wa dirishani akaachwa akalala. Ndipo Mama Shuka alipoanza kutandika.

Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kubwa. Wodi ya jirani ilikuwa na mashine ya presha ambayo haikufanya kazi mpaka ipigwe kofi, na hii ilikuwa na Mama Shuka. Wauguzi wanafunzi walipoletwa, matroni aliwapeleka kwake kwa nusu saa, naye aliwaeleza huku akikunja pembe za shuka. Vilio vya mtoto mchanga ni sita, alisema. Cha njaa ni kifupi, kinapanda, kinapumua, kinapanda tena juu zaidi, na kichwa kinageuka kutafuta. Cha kulowa kinanung'unika tu. Cha tumbo kujaa gesi kinalipuka ghafla na magoti yanakuja juu. Cha usingizi kinayumba. Cha baridi ni chembamba na kinatetemeka mwishoni. Na kile cha kutaka kushikwa, ambacho watu wengi hukidharau, kinaanza na kuacha, kinaanza na kuacha, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.

Hayo mtu yeyote mwenye masikio na subira anaweza kujifunza. Mama Shuka alivuka hapo. Alisikia kilio kupitia kuta mbili na uwanja mzima, kule kwenye chumba cha kufulia, akajua ni cha nani na kina saa ngapi duniani. Alikijua kilio cha mtoto ambaye mama yake bado hajaamua kumpenda, naye alimvuta mama huyo pembeni akamwambia kwa upole, na mara nyingi mama alikubali. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na magoti mabovu, na jambo la masikio yake lilimpa kiburi kidogo ambacho hakukificha vizuri.

Kwa sababu ya masikio hayo wodi ilikuwa na utaratibu wake. Kwenye daftari la uzazi, baada ya safu ya uzito na safu ya saa, palikuwa na safu iliyoandikwa "Alilia?" Hapo palijazwa Ndiyo au La. Mtoto aliyelia alikuwa amezaliwa: alipata cheti, alipata jina, na akifariki alipata kaburi lenye kibao. Mtoto ambaye hakulia alikuwa hakuzaliwa, na mama yake aliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi fupi. Madaktari walikuwa wachache na kila mara walikuwa chumba kingine, kwa hiyo penye shaka matroni alimwita Mama Shuka akamuuliza kama alisikia chochote. Alichojibu ndicho kilichoandikwa, naye akatia sahihi kwenye safu ya shahidi. Kwa utaratibu huo wodi ilikuwa imemaliza miaka mitano bila kupoteza mtoto hata mmoja, na mlangoni palitundikwa ubao unaosema hivyo.

Ubao ulileta ngao. Mgeni rasmi alipangiwa kuja kuikabidhi siku ya Alhamisi, na bintiye Mama Shuka alipangiwa na Mungu kushikwa na uchungu siku hiyohiyo.

Aliletwa alfajiri. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe, akachomwa nusukaputi. Mama Shuka alitaka kukaa mlangoni, lakini viti themanini vya uwanjani vilikuwa havijavikwa vitambaa, na matroni alimwambia aende tu, mtoto akitoka atamsikia mwenyewe. Lilikuwa neno la busara. Alikwenda akavika viti kimoja baada ya kingine, sikio moja likiwa juu dirishani. Saa nne kamili bendi ya matarumbeta ilianza kupiga karibu naye, na saa nne na robo spika iliwashwa. Saa tano kasoro dakika ishirini watu walipiga makofi, wauguzi wote wakiwa wamepanga mstari kwa ajili ya picha, na sista wa zamu aliporudi wodini alimkuta mtoto wa kiume kwenye kitanda namba saba, alikolazwa alipotolewa chumba cha upasuaji, mzima wa viungo, wa baridi.

Matroni alimwita. Ngao ilikuwa mezani, bado ndani ya nailoni yake.

"Ulimsikia?"

"Sikumsikia."

"Angelia, ungemsikia?"

Mama Shuka hakuwa na sababu ya kufikiri. Alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi. "Angelia ningemsikia," alisema. Matroni akaandika La, naye akatia sahihi huku machozi yakimdondoka kwenye safu ya uzito. Alimpenda mjukuu huyo kabla hajamwona, alikuwa ameshamshonea kofia, na alitia sahihi kwa mkono uleule.

Binti alipozinduka alisema amemsikia mwanawe. Mama Shuka akamweleza kwamba nusukaputi huleta ndoto. Binti akasema haikuwa ndoto, alikuwa mbali, kama chini ya maji, lakini alimsikia akilia, akalia, akalia. Mama Shuka alimshika mkono akamwambia maneno yaliyokuwa na nguvu kuliko yote aliyokuwa nayo. "Mwanangu, mimi nipo hapa. Kama mimi sikumsikia, hakulia." Binti akageukia ukuta.

Alinyamaza kwa miezi saba. Alikuwa fundi wa cherehani, na asubuhi aliketi mbele ya mashine yake, akakanyaga pedali, na sindano ikapanda na kushuka bila uzi wala kitambaa mpaka mchana. Mumewe alivumilia miezi miwili akingoja mkewe amalize kuomboleza kitu ambacho karatasi ilisema hakikutokea, kisha akahamishia nguo zake kwa dada yake, moja moja, ili isionekane kama ugomvi. Mama Shuka akamchukua bintiye kwake pamoja na cherehani. Chakula alichompikia alikikuta jioni kama alivyokiacha, na alimwona akipungua kila wiki, mpaka mifupa ya bega ikaanza kuonekana kupitia gauni. Alijua bintiye anakufa polepole. Hakujua la kufanya, kwa sababu dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ni ukweli, na aliamini ameshampa.

Kitanda namba saba kilikuwa kimepelekwa kwa fundi siku iliyofuata ile ya ngao, kwani gurudumu lake moja lilikwama. Gurudumu hilo lilichukua miezi saba. Kiliporudishwa, saa nne kamili ya asubuhi, alilazwa humo mtoto wa kike wa mwuza mboga, mnene wa kilo nne, aliyekuwa ameshiba, mkavu, kafungwa blanketi mbili na taa ya joto ikiwaka juu yake. Alipoguswa na godoro alianza kulia kwa njaa.

Mama Shuka alikuwa akitandika namba kumi. Alisimama na shuka mkononi.

Kilio kilikuwa cha njaa bila ubishi, lakini sauti haikuwa ya mtoto yule. Mtoto yule alikuwa na sauti nene, alikuwa ameisikia tangu alfajiri. Hii ilikuwa na ukwaru, na kila ilipopanda ilikatika mara mbili katikati, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo iliyojaa. Mama Shuka aliijua mikatiko hiyo. Bintiye alilia hivyohivyo, miaka ishirini na sita iliyopita, na hakuna mtoto mwingine yeyote kati ya maelfu aliokwisha kuwasikia aliyelia hivyo.

Njaa ilidumu dakika saba. Kisha kikaja kile cha kubisha hodi, cha kutaka kushikwa. Sista alimshika mtoto, akampapasa, lakini kilio kiliendelea kubisha vilevile, kana kwamba hakuna aliyekuja. Dakika ya kumi na tano kikageuka kuwa cha baridi. Sista alitazama taa, ilikuwa ikiwaka, akagusa miguu ya mtoto, ilikuwa na joto, akaongeza blanketi ya tatu. Kilio cha baridi kikaendelea dakika ishirini na tatu, kikipungua. Mwishoni kabisa kikaja kilio kifupi ambacho Mama Shuka hakukijua. Kisha kimya. Mtoto akapumua kwa nguvu, akapiga chafya, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe nene, kwa sababu alikuwa amelowa.

Siku mbili baadaye alilazwa humo mtoto mwingine, wa kiume, na ikawa hivyohivyo: njaa, kushikwa, baridi, kile kifupi, kimya, dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Kila mtoto aliyelazwa humo kwa mara ya kwanza alilia kwanza kwa sauti ile ya ukwaru, kisha ndipo akapata zamu yake. Wauguzi walizoea ndani ya wiki moja. Walijifunza kuwalaza watoto pale wakati wa chai, ili kilio kiishe wakirudi.

Mama Shuka alimwendea fundi wa umeme, aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha balbu ya ukumbini, akamuuliza siku ya ngao spika ilipata umeme kutoka wapi. Fundi hakuwa na la kuficha. Alisema ekstensheni ndefu ilikuwa moja tu hospitali nzima, ile ya taa ya namba saba, akaichomoa saa nne na robo na kuirudisha saa sita. Mama Shuka akamuuliza kama kulikuwa na mtoto kitandani. Fundi alifikiri kwa uaminifu. Alisema kulikuwa na mmoja, akilia, lakini ile ni wodi ya watoto wachanga, wote hulia.

Mama Shuka akatoka akaenda kusimama uwanjani, mahali alipokuwa amesimama siku ile. Nguzo ya spika ilikuwa bado imechomekwa hapo. Ilimpita kichwa kwa shibiri mbili. Alikaa chini ya nguzo hiyo muda mrefu na kibarua wa bustani akafyeka nyasi kumzunguka.

Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye watoto kumi na wawili wa watu wengine kila siku na watatu wa kwake nyumbani, na alipomwona Mama Shuka mlangoni alijua alichokuja nacho, maana na yeye alikuwa na masikio. Alimvutia kiti.

"Nataka uandike Ndiyo," Mama Shuka alisema.

"Nitaandikaje Ndiyo? Hapa pana sahihi yako."

"Kulikuwa na bendi. Nilikuwa chini ya spika."

"Hukuniambia ulikuwa chini ya spika. Uliniambia angelia ungemsikia."

"Nilikosea. Nafuta neno langu."

Matroni akalivuta daftari, akaligeuza limwelekee Mama Shuka, akalifungua nyuma zaidi, ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, kwa kidole. Kila palipokuwa na La palikuwa na sahihi ileile, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. "Hizi zote ni zako, Mama Shuka," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Ukifuta moja, nianze kuuliza na zipi nyingine? Hii ulikuwa wapi? Na hii?"

Mama Shuka alizitazama. Alijua alikuwa wapi. Mara nyingi alikuwa chumba cha kufulia, ambako mashine kubwa ikianza kukamua hata radio haisikiki. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Akaufunika ukurasa kwa kiganja, na matroni akamletea maji ya kunywa akamngoja amalize. Kisha akasema atafanya analoweza, ataita kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, daktari mmoja, ofisa wa vifaa na mtu kutoka makao makuu aliyekuja na saa ya kupimia mbio. Walikaa kando ya namba saba. Mtoto alilazwa mbele yao saa nne kamili, mama yake akaomba ruhusa ya kulala kidogo wakati huo na akaruhusiwa. Wakasikiliza mwanzo hadi mwisho. Daktari alivua miwani yake kwenye dakika ya ishirini na kitu akaifuta, na hakuivaa tena mpaka mwisho. Walimwita Mama Shuka awafasirie, akawafasiria: hapa ana njaa, hapa anaomba kushikwa, hapa waya umechomolewa. Mtu wa makao makuu aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri.

Ripoti ilitoka baada ya siku tisa. Ilisema kamati imeridhika kwamba kilio kipo, ni cha kweli, na kinadumu dakika arobaini. Ilisema si kilio cha mtoto anayelazwa, kwa kuwa kila mtoto ana chake. Na kwa kuwa daftari halionyeshi mtoto mwingine yeyote aliyelia kwenye kitanda hicho, kamati imeona kilio hicho ni cha kitanda. Ofisa wa vifaa alirekebisha orodha yake siku hiyohiyo. Kitanda cha kioo, kimoja, magurudumu manne, kina kilio. Wakapendekeza kisibadilishwe, kwa sababu vipya havipo, na wakawapongeza wauguzi kwa uvumilivu. Matroni alimpa Mama Shuka nakala. Macho yake yalikuwa mekundu.

Siku hiyo aliondoka kazini mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta bintiye mbele ya cherehani, sindano ikipanda na kushuka hewani. Mama Shuka akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mkoba ukiwa bado begani. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka.

"Alilia," alisema.

Pedali ikasimama.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia."

"Ukasema ni ndoto."

"Nilisema."

Binti hakugeuka. Mama Shuka aliutazama mgongo wake, ule mfupa wa bega, akatamani angepigwa, angetukanwa, kitu chochote. Lakini mwanamke huyo alikuwa amelelewa naye, na hakuwa na mkono wa kumpigia mama. Alichofanya ni kuuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza kipimo cha nguo.

"Alikuwa anataka nini?"

Hili ndilo swali ambalo Mama Shuka alilijibu kila asubuhi ya maisha yake, mlangoni, mzigo begani. "Kwanza alitaka kunyonya," alisema. "Akaona huji, akataka kushikwa tu. Halafu wakachomoa taa, akasikia baridi."

"Kwa muda gani?"

"Jumla dakika arobaini."

"Na mwisho?"

"Mwisho ana kilio kimoja. Hicho sikijui, mwanangu. Sijawahi kukisikia kwa mtu."

Binti akainuka, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda. Vilikuwa na vumbi la miezi saba. Akavifuta kwa pindo la gauni, akavivaa, akauliza kesho nani analazwa.

Kesho yake alilazwa mtoto wa mwalimu wa chekechea. Binti alisimama ukutani, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kusoma tangazo. Sauti ya ukwaru ilipoanza, ikapanda na kukatika mara mbili, gauni lake lililowa mbele papo hapo. Maziwa yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa pili. Yalishuka sasa yakachuruzika mpaka kiunoni, na sista akampa taulo bila kuacha kuandika.

Mwalimu wa chekechea alikuwa ameketi kitandani kwake akichana nywele. Alimwangalia, akaangalia taulo, akaelewa. "Mshike tu, dada," alisema. "Wangu bado hajafika."

Binti akamchukua mtoto akamnyonyesha. Kwa mara ya kwanza tangu kitanda kirudi, kilio cha njaa kilikoma kabla ya wakati wake. Mtoto alinyonya kwa pupa, akamshika kidole. Kile cha kubisha hodi hakikuja kabisa. Mama Shuka, aliyekuwa mlangoni na shuka zake, alihesabu dakika akaona ukuta mbele yake unacheza kwa machozi. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Alianza kuamini. Alikuwa mwanamke mwenye akili timamu, lakini alianza kuamini.

Dakika ya kumi na tano mtoto aliachia titi akalia kwa baridi.

Binti akamfunika kwa khanga. Akamweka ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi. Sista akasogeza taa mpaka nywele za binti zikaanza kunuka moto. Mtoto mwenyewe alikuwa anatoka jasho, na kilio kiliendelea kuwa cha baridi, chembamba, kikitetemeka mwishoni, dakika ishirini na tatu kamili, kwa sababu waya ulikuwa umechomolewa na hakuna aliyeurudisha. Binti hakumwachia. Alikuwa akimwimbia kwa mdomo uliofungwa. Kilipokuja kile kifupi cha mwisho aliinamisha kichwa akakisikiliza karibu sana.

Kimya kilipopita, na mtoto wa mwalimu akapiga chafya na kuanza maisha yake, binti alimrudisha kwa mama yake, akashukuru, akafunga vifungo. Alipofika kwa Mama Shuka alisimama.

"Hicho cha mwisho haombi kitu, mama," alisema. "Ndiyo maana hukijui."

Tangu hapo alikuja kila mara kitanda kilipopata mtoto mpya. Akina mama wa wodi walielezana kabla hata ya kueleweshwa, na hakuna aliyekataa. Wengine walimwachia nafasi ya kukaa, mmoja alimletea kiti chenye mgongo. Binti alianza kula, kwa sababu maziwa yanataka chakula. Cherehani ilitiwa uzi. Mabega yake yakarudi taratibu chini ya nguo, na Mama Shuka alipomwona akimega mkate alifurahi kwa furaha ya mwizi. Kwenye daftari palibaki La. Ubao wa mlangoni uliongezewa mwaka wa sita, na matroni akaendelea kumwita Mama Shuka penye shaka. Mara ya kwanza alipoitwa tena alisema hajui. Matroni akaandika La, akatafuta mtu mwingine wa kutia sahihi, akampata fundi wa umeme.

Mwezi wa tatu wa kuja kwake, masjala waliagiza utaratibu wa wageni, kwani watu waliingia na kutoka ovyo. Binti akaenda kwa karani kuchukua kadi, Mama Shuka akiwa nyuma yake. Karani alikuwa kijana mstaarabu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimuuliza anamtembelea nani, binti akajibu namba saba, akaandika namba saba.

"Uhusiano na mgonjwa?"

"Mama yake."

Karani akalivuta daftari, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akapitisha tena. Alitafuta kwa dhati. "Dada yangu, mtoto hayumo," alisema. "Siwezi kuandika mama, na mtoto hayumo."

"Andika utakavyoweza."

Akaandika Hakuna, kwa herufi safi, akaupuliza wino ukauka. Akamwambia wengine hupewa kadi ya siku moja lakini yeye amempa ya mwaka mzima, na binti akamshukuru kwa moyo kabisa, akaivaa shingoni. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Akapanda ngazi na mama yake, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akafungua vifungo viwili vya juu, akangoja. Mama Shuka aliingia na shuka ndogo, akaitandika, akanyoosha pembe zote nne. Sista akaja na mtoto wa mtu mwingine akamlaza namba saba, na mjukuu wa Mama Shuka akaanza kusikia njaa.